Dakar kwa siku moja: vikundi vinatembelea nini, na nani anakilinda

Dakar ni mji mkuu wa Senegal, kwenye pwani ya Afrika ya Magharibi. Mji umejengwa juu ya rasi ya Cap-Vert, kipande cha udongo kinachoingia baharini, na ncha yake, Pointe des Almadies, ndiyo fasi ya bara la Afrika iliyo mbali zaidi upande wa magharibi. Mkoa wa Dakar una wakaaji karibu milioni 4. Kuko wanafunzi wa Chuo kikuu cha Cheikh Anta Diop, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, wafanyabiashara na watu wanaopita tu. Wengi kati yao wanaujua mji kwa njia moja: wanatembea kwa vikundi, siku moja moja, wanatoka asubuhi na kurudi jioni.

Matembezi hayo yanapangwa na kwaya za parokia, mashule, vilabu vya kutembea kwa miguu, mashirika ya mitaa, na vijana wanaofanya kazi ya kuongoza wageni. Habari hii inaeleza fasi kubwa zinazotembelewa, historia yake, na namna kazi inafanyika. Inaeleza pia jambo ambalo picha hazionyeshi: kila fasi iko na watu wanaoilinda, na siku ya kundi inaweza kuwasaidia ao kuwapita pembeni.

Kwa nini kwenda kwa kundi

Sababu ya kwanza ni feza. Pirogi, basi dogo na gide mara nyingi wanalipwa kwa safari nzima, hapana kwa kila kichwa. Mtu mmoja akikodi pirogi peke yake, anaona bei ni kali. Watu kumi wakichanga, kila mmoja anatoa kidogo. Mwenye kujua likelemba anaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Sababu ya pili ni usalama. Safari nyingi za Dakar zinapita majini, na Senegal inajua bei ya uzembe juu ya maji. Tarehe 26 Septemba 2002, meli Le Joola iliyokuwa inatoka Ziguinchor kuelekea Dakar ilipinduka baharini ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake. Watu zaidi ya 1800 walikufa. Huku mashariki ya Congo habari kama hiyo haihitaji maelezo: Octoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, wakati watu walikuwa wamebakiza hatua kidogo kufika. Katika kundi zuri kuko mtu anayehesabu watu na jile za kuokoa mbele ya kamba kufunguliwa.

Sababu ya tatu ni maneno. Gide anayezungumza Kiwolofu na Kifaransa anafungua milango ambayo mgeni peke yake haioni.

Gorée: kisiwa bila gari

Safari inayofanywa zaidi ni ya kisiwa cha Gorée. Kisiwa ni kidogo, hekta 28, na kiko kilometa 3 na nusu kutoka bandari ya Dakar. Boti kubwa, ambayo watu wa Dakar wanaita chaloupe, inafika kwa dakika karibu 20. Hapo hakuna gari. Njia ni za mchanga na mawe, nyumba zimepakwa rangi nyekundu na manjano, na maua yanashuka juu ya kuta. Watoto wanaogelea kando ya boti, wamama wanauza shanga na vitambaa, wachoraji wanaanika kazi zao chini ya mibuyu.

Wareno walifika karne ya 15. Nyuma yao Waholanzi, Waingereza na Wafaransa walinyanganyana kisiwa kwa miaka mingi. Wote walikitaka juu ya sababu moja: meli zinatulia vizuri nyuma yake, mbali na mawimbi makubwa. Biashara ya ngozi, gundi ya miti, zahabu na watumwa ilipita hapo.

Watu wanaenda kwanza kwenye Maison des Esclaves, Nyumba ya Watumwa, iliyojengwa karibu na mwaka 1776. Juu kuko vyumba vya wenye nyumba. Chini kuko vyumba vidogo vya giza, na katikati mlango unaofunguka kwenye bahari. Unaitwa mlango wa safari bila kurudi. Nelson Mandela alisimama hapo, Papa Yohane Paulo wa Pili alifika 1992, Barack Obama 2013. UNESCO iliweka kisiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, kati ya fasi za kwanza kabisa.

Hesabu inayobishaniwa

Kwa miaka mingi nyumba hiyo ililindwa na Boubacar Joseph Ndiaye, aliyekufa 2009. Yeye ndiye aliyeijulisha dunia. Alikuwa anasimulia kwa nguvu, na wageni wengi walitoka wakilia. Katika masimulizi yake, mamilioni ya watumwa walipita Gorée.

Kuanzia miaka ya 1990 wanahistoria walisema wazi kwamba hesabu hiyo haiwezekani. Mmarekani Philip Curtin alikuwa kati yao. Walionyesha kwamba Gorée ilikuwa bandari ndogo katika biashara ile, kwamba nyumba yenyewe ilikuwa makao ya familia ya wafanyabiashara, na kwamba mbele ya ule mlango kuko mawe ambayo yangezuia meli kukaribia. Mjadala ulikuwa mkali. Wengine walisikia kama mtu anataka kufuta maumivu ya Waafrika.

Leo magide wazuri wanasema mambo mawili pamoja. Watumwa walifungwa na kuuzwa Gorée, hilo ni kweli. Na kisiwa kimekuwa kumbukumbu ya wote, hata wale waliopita bandari zingine. Kwa jumla, Waafrika karibu milioni 12 na nusu walipakizwa kwenye meli za Atlantika. Kundi kubwa zaidi halikutoka Senegal. Lilitoka Afrika ya kati-magharibi, kwenye pwani ya Loango, Cabinda na Luanda, maana yake pande za Kongo na Angola.

Kwa mkaaji wa Maniema ao Tanganyika, kuko jambo lingine la kuweka akilini. Watu waliokamatwa pande zile karne ya 19, wakati wa Tippu Tip na masoko ya Nyangwe na Kasongo, hawakupelekwa Gorée. Njia yao ilielekea mashariki: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Zanzibar. Mcongomani anayesimama mbele ya mlango wa Gorée anaona basi sehemu moja ya historia. Sehemu ya babu zake huenda iko kwenye bahari ingine.

Gorée haikuwa ya biashara ya watu peke yake. Kuanzia 1913 mpaka miaka ya 1930 shule ya walimu ya William Ponty ilikuwa hapo. Modibo Keïta wa Mali na Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire, ambao walikuja kuwa marais wa kwanza wa inchi zao, walisoma katika shule hiyo. Kundi linalokimbia kupiga picha mlangoni na kurudi na boti ya kwanza linakosa habari hii, linakosa pia jumba la historia katika ngome ya Estrées na kilima cha Castel, penye mizinga ya zamani.

Visiwa vya Madeleine: mibuyu inayolala chini

Upande wa magharibi wa mji, mbele ya barabara ya Corniche, kuko visiwa vya Madeleine. Hakuna mtu anayeishi huko. Tangu 1976 ni hifadhi ya taifa, kati ya zile ndogo zaidi duniani. Pirogi inatoka upande wa Soumbédioune, kisha kulipa kiingilio kwenye ofisi ya hifadhi. Bahari ikichafuka, hakuna safari, hata kama kundi limelipa na limebeba chakula. Hapo gide hana la kufanya, na kundi lenye akili halimsukume.

Upepo wa chumvi umefanya mibuyu ya kisiwa isikue kwenda juu. Inatambaa kama mtu anayejificha mvua. Kuko ndege mweupe mwenye mkia mrefu na mdomo mwekundu, ambaye Wafaransa wanaita phaéton, anayetaga mayai kati ya mawe. Watoto wa shule za Dakar wanaletwa huko kujifunza ndege na mimea kwa macho.

Kwa Walebu, wavuvi ambao ni wenyeji wa kwanza wa rasi, kisiwa hiki si bustani tu. Ni makao ya Leuk Daour, roho mlinzi wa Dakar. Ndiyo maana zamani, mbele ya serikali kutoa sheria yoyote, watu hawakujenga huko. Heshima ya wazee ilitangulia hifadhi, na kazi ya wafanyakazi wa hifadhi leo inategemea heshima ile ile.

Ziwa la waridi na chumvi yake

Kilometa karibu 35 kutoka katikati ya mji, nyuma ya vilima vya mchanga, kuko ziwa Retba, linalojulikana kwa jina la Lac Rose. Maji yake yana chumvi nyingi kupita bahari mara nyingi. Vidudu vidogo sana vinavyopenda chumvi ndivyo vinayapa rangi ya waridi, hasa wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na upepo ukivuma. Kwa miaka mingi mashindano ya magari ya Paris-Dakar yalimalizikia kando yake.

Lakini ziwa ni kwanza fasi ya kazi. Wanaume wanaingia majini wakiwa wamejipaka mafuta ya karité mwili mzima, juu chumvi isile ngozi. Wanapasua chumvi chini kwa mti, wanaichota kwa kikapu na kujaza pirogi. Kwenye ukingo, wamama wanashusha mzigo kwa mabeseni juu ya kichwa na kufanya malundo. Sehemu kubwa inatumiwa kukausha na kuhifadhi samaki, ndani ya Senegal na inchi za jirani. Wakaaji wa Beni na Butembo, waliozoea chumvi ya Katwe kutoka Uganda, watatambua kazi hiyo kwa macho: ziwa la chumvi, jua, mgongo unaouma, na bei inayopangwa na mnunuzi.

Mwaka 2022 mvua kubwa zilifurika mitaa ya pembeni ya Dakar, na maji ya mafuriko yakaingia ziwani kwa wingi. Malundo ya chumvi yalichukuliwa, nyumba za wageni zilijaa maji, na rangi ya waridi ikapotea. Wachimba chumvi, wauzaji wa vitu vya mkono na magide walikosa kazi siku moja. Jambo hilo lilionyesha kwamba mfereji unaochimbwa kwenye mtaa unaofurika unaweza kuua mkate wa mtaa mwingine. Tangu hapo, kundi linalotaka kwenda linauliza kwanza hali ya ziwa iko namna gani. Na wengine wanaenda hata kama maji hayana rangi, kuona kazi ya chumvi na kununua mfuko mmoja kwa mama aliyeibeba.

Popenguine: wamama waliorudisha msitu

Safari moja inatoka nje ya mji kabisa, kilometa karibu 70 kuelekea kusini. Popenguine ni kijiji cha pwani kinachojulikana na Wakatoliki wa Senegal yote: kila Pentekoste maelfu ya vijana wanatembea kwa miguu kwenda huko kumuheshimu Bikira Maria. Waislamu wa inchi, ambao ni wengi sana, wanazoea kusaidia kupokea wageni hao.

Kijiji kinajulikana pia kwa jambo lingine. Miaka ya 1970 na 1980, ukame na ukataji wa miti vilikuwa vimeacha vilima vya hapo wazi. Mwaka 1986 serikali iliweka hifadhi. Mwanzoni wakaaji walikasirika, sababu walikatazwa kukata kuni na kuwinda kwenye udongo waliouita wao. Wamama wa kijiji ndio waliogeuza mambo. Walijiunga kwa shirika, wakakubali kulinda hifadhi bila mshahara, wakapanda miti, wakapigana na moto wa porini, wakafungua kambi ndogo ya kupokea wageni ili faida ibaki kijijini. Walienda mpaka kwenye ziwa la chumvi la Somone, wakapanda tena mikoko matopeni. Pole pole miti ilirudi, kisha ndege na wanyama wadogo.

Wakaaji wa pembeni ya Virunga ao Kahuzi-Biega wanajua ugomvi wa namna hiyo kati ya hifadhi na kijiji, na wanajua kwamba mara nyingi unaisha kwa damu. Popenguine haina simba wala vita, na haiwezi kuchukuliwa kuwa dawa ya kila fasi. Lakini inaonyesha kitu kimoja: mlinzi anayekula kutokana na msitu hahitaji bunduki kila siku.

Karibu na hapo kuko hifadhi ya Bandia, ambamo twiga na faru wanaonekana kwa gari. Wanyama wengi wa humo waliletwa kutoka kusini mwa Afrika. Hawakuzaliwa katika udongo wa Senegal. Magide waaminifu wanasema hivyo bila kungoja kuulizwa.

Siku ndani ya mji

Si lazima kupanda pirogi. Kundi linaweza kutembea katika mtaa wa Plateau, kuingia soko la Kermel na jumba la Théodore Monod, penye sura na vyombo vya Afrika ya Magharibi. Karibu na stesheni ya zamani ya treni kuko Musée des Civilisations noires, lililofunguliwa Desemba 2018. Wazo lake lilitoka kwa rais Léopold Sédar Senghor, aliyekaribisha Dakar tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mwaka 1966. Jumba limejengwa kwa msaada wa China na linaeleza Afrika yote.

Upande wa Ouakam, sanamu ya Renaissance africaine inapita urefu wa metre 49. Ilifunguliwa 2010, inchi ikitimiza miaka 50 ya uhuru, na ilijengwa na kampuni ya Korea ya Kaskazini. Wengine wanaipenda, wengine wanasema feza ingesaidia mashule. Kilima cha jirani kinabeba mnara wa taa wa Mamelles, unaoongoza meli tangu 1864.

Jioni, wavuvi wanarudi Soumbédioune na Yoff na pirogi za rangi nyingi. Vijana wanasukuma, wamama wanagawa samaki. Fasi kama hizo pia ndizo vijana wengi walitokea usiku kwenda visiwa vya Canarias, na wengi hawakufika. Kupiga picha bila ruhusa hapo ni matusi.

Saa ya mchana kundi linakula thiéboudienne: mchele, samaki, karoti, manioki na kabichi katika sinia moja. UNESCO iliweka chakula hicho kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021. Kila mtu anakula sehemu iliyo mbele yake, hafiki upande wa jirani. Mama wa nyumba anakata samaki na kumsukumia mgeni kipande kizuri. Ukarimu huo unaitwa teranga. Nyuma yake inakuja chai ya attaya, glasi tatu, na hakuna anayeharakisha.

Mambo ya kujua mbele ya kwenda

- *Wakati:* Novemba mpaka Mei ni kiangazi na hewa ni nzuri. Mvua nyingi zinanyesha kati ya Julai na Octoba.
- *Karatasi:* kitambulisho ao pasiporti, na kadi ya manjano ya chanjo. Bei ya tike ya Gorée si moja kwa wote: wakaaji wa Senegal, Waafrika wengine na wageni wa mbali wanalipa tofauti, kwa hiyo kuonyesha karatasi kunapunguza gharama.
- *Feza:* franka CFA. Dola hazipokelewe ovyo sawa vile Goma ao Bukavu.
- *Gide:* anayekubaliwa anaonyesha kadi yake na anataja bei mbele ya kuanza. Ile ya "tutaelewana mwishoni" inaleta makelele.
- *Pirogi:* jile kwa kila mtu, watoto kwanza. Ikijaa, kundi linagawanyika.
- *Mavazi:* kwenye misikiti na makaburi ya viongozi wa dini, mabega na magoti yafunikwe.
- *Takataka:* zinarudi na kundi. Visiwa havina gari la kuzibeba.

Kiongozi wa kundi ndiye anayeamua feza inaenda wapi. Kundi moja linaweza kubeba chakula chote kutoka supamaketi na kuacha chupa mchangani. Lingine linaagiza sinia kwa mama wa Gorée, linalipa kiingilio cha hifadhi na kulala, likichelewa, katika kambi ya wamama wa Popenguine. Yote mawili yanarudi na picha zile zile. Tofauti wanaiona wale wanaobaki.